Soriano: Jina la Kihispania Kati ya Rhodes na Luapula

Jina la ukoo Soriano limeundwa kwa kanuni iliyozaa mamia ya majina ya Kihispania: jina la mji huongezewa mwishoni kiambishi -ano, na neno linalopatikana humtaja mtu atokaye katika mji huo. Wa Toledo aliitwa Toledano, wa Sevilla akaitwa Sevillano, na wa Soria, mji mdogo ulio kando ya mto Duero katika nyanda za juu za Castilla, akaitwa Soriano. Kanuni hiyo si ngeni kwa mkazi wa Lubumbashi, ambaye kwa Kifaransa huitwa Lushois, lakini majina ya namna hii yana tabia moja inayosahaulika upesi, nayo ni kwamba hayana kazi nyumbani. Ndani ya Soria kila mtu ni wa Soria, na kumwita jirani kwa jina hilo ni kutomtofautisha na yeyote, kama vile Lushois anavyoanza kuwa Lushois akishashuka Kinshasa au Brussels, huku katika mitaa ya Kamalondo au Katuba akijulikana kwa jina lake, kazi yake au timu anayoishabikia. Jina la mahali ni jina ambalo mtu hupewa na wenyeji wa kule alikohamia, kwa hiyo hubeba ndani yake habari ya kuondoka kuliko habari ya kuzaliwa.

Ndiyo maana ramani ya jina Soriano nchini Hispania hailingani na ramani ya Soria yenyewe. Mkoa wa Soria leo ni miongoni mwa mikoa yenye watu wachache kabisa nchini humo, takribani 90,000 tu, yaani karibu watu 9 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali jina limestawi zaidi upande wa mashariki na kusini-mashariki, katika Valencia, Alicante na Murcia. Sababu ni za karne ya 13. Majeshi ya Kikristo yaliutwaa mji wa Valencia mwaka 1238, na utawala wa Kiislamu wa Murcia ukafikia kikomo mwaka 1266, kisha wafalme wakagawa mashamba na nyumba kwa walowezi kutoka kaskazini, ambao majirani wao wapya waliwaita kwa miji waliyoiacha. Aidha, Soria ulikuwa mji wa wafugaji wa kondoo, na ulikuwa moja ya vituo vikuu vya Mesta, chama cha wafugaji kilichopewa hati ya kifalme na Alfonso wa 10 mwaka 1273, ambacho wachungaji wake walishuka kusini kila majira ya vuli kutafuta malisho na kurudi milimani majira ya kuchipua. Mji unaotuma watu wake nje kila mwaka huzaa majina mengi ya ugenini.

Hata hivyo, mtu akikutana na Soriano popote duniani asikimbilie kumhesabu kuwa na damu ya Castilla. Nchini Italia kuna miji inayoitwa Soriano, mmoja katika Calabria na mwingine kaskazini mwa Roma, na kutoka kwenye hiyo yametoka majina ya ukoo yasiyohusiana na Hispania. Mkoa wa Soriano nchini Uruguay umerithi jina lake kutoka kwa Mtakatifu Dominiko anayeheshimiwa katika ule mji wa Calabria. Ufilipino ndiyo inayofundisha zaidi. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania Narciso Clavería, akisumbuliwa na wingi wa watu wasio na majina ya ukoo au wenye majina yanayofanana, aliamuru majina yagawiwe kutoka katika orodha kubwa iliyochapwa kwa mpangilio wa alfabeti, na kurasa za orodha hiyo zikapelekwa mikoani kiasi kwamba katika baadhi ya miji familia karibu zote zilipata majina yanayoanza kwa herufi moja. Soriano, jina lililoenea sana visiwani humo, mara nyingi huko halina maana zaidi ya kwamba karani fulani wa wilaya alifungua ukurasa wa herufi S. Jina lilisafiri peke yake, bila watu.

Katanga, eneo la Lubumbashi, ilipata kinyume chake, na ili kukielewa kinyume hicho lazima kufuata tawi la Kiyahudi la jina hili. Wayahudi waliishi Soria tangu zama za kati, na katika karne ya 13 mji huo ulijulikana kwa wanazuoni wa Kabala, yaani elimu ya siri ya dini ya Kiyahudi, wakiwamo ndugu wawili Isaac na Jacob ha-Kohen. Tarehe 31 Machi 1492 Isabella na Ferdinand, wafalme wa Castilla na Aragon, walitia saini amri ya kuwataka Wayahudi wote wabatizwe au waondoke kabla ya mwisho wa Julai. Waliochagua kuondoka ndio wanaoitwa Wasefaradi, kutokana na Sefarad, jina la Kiebrania la Hispania, na sehemu kubwa yao ilipokewa katika himaya ya Waosmani chini ya Sultani Bayezid wa 2. Walichukua lugha yao, Kihispania cha karne ya 15, ambacho kiliendelea kusemwa majumbani kwa zaidi ya miaka 400 kikichanganyika na Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, na ambacho hujulikana kama Ladino au Kihispania cha Kiyahudi. Walichukua pia majina. Katika orodha za jumuiya zao za mashariki ya Mediterania yamesimama Toledano, Franco na Soriano, majina yaliyotunzwa na watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kurudi katika nchi iliyoyazaa.

Kisiwa cha Rhodes, kilicho karibu kabisa na pwani ya Uturuki, kilitekwa na Suleiman Mtukufu mwishoni mwa mwaka 1522 kutoka kwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawala ambao miaka 20 hivi kabla walikuwa wamewafukuza Wayahudi wa kisiwa. Wasefaradi wakajaza pengo hilo, na mtaa wao ndani ya kuta za mji mkongwe, ulioitwa la Juderia, ukawa na sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Kiyahudi, liitwalo Kahal Shalom, ambalo ni la mwaka 1577 na bado limesimama. Mtaa ulikuwa mdogo na majina ya ukoo machache, hivyo watu wenye jina lilelile na ukoo uleule walikuwa wengi, hasa kwa sababu Wasefaradi humpa mtoto jina la babu au bibi hata kama mwenye jina yu hai. Desturi hiyo, ambayo Mswahili yeyote mwenye somo wake nyumbani anaielewa bila kufafanuliwa, ilifanya jina la ukoo liwe uti wa mgongo na majina ya kwanza yawe kama zamu: Nissim mzee, Nissim mjukuu. Neno Nissim ni la Kiebrania na maana yake ni miujiza.

Mambo mawili yaliwaelekeza vijana wa Juderia Afrika ya Kati badala ya kwingineko. La kwanza ni ufukara wa kisiwa na mfano wa waliotangulia, kwa kuwa aliyefanikiwa humwita mdogo wake, na mdogo humwita binamu. La pili ni shule. Alliance Israélite Universelle, shirika la Kiyahudi lenye makao Paris, lilifungua shule zake Rhodes mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kufundisha kwa Kifaransa liliwapa wanafunzi wake ufunguo wa koloni lolote lililotawaliwa kwa lugha hiyo, Kongo ya Wabelgiji ikiwamo. Wengine walikwenda Rhodesia, na wapo waliodhani kwamba nchi hiyo ina uhusiano na kisiwa chao, ingawa ilipewa jina la Mwingereza Cecil Rhodes, ambaye jina lake la ukoo ni la Kiingereza cha kale na humaanisha mahali palipofyekwa msitu.

Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa na Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika, ili kuhudumia shaba ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Wayahudi wa kwanza walipanda na reli hiyo kutoka Afrika Kusini, wengi wao wakiwa na asili ya Ulaya ya Mashariki, lakini baada ya muda watu wa Rhodes waliwazidi idadi. Walianza kama wachuuzi na wenye maduka madogo ya nguo, chumvi, sabuni na vyombo kwa wateja Waafrika, biashara ambayo makampuni makubwa ya Kibelgiji hayakuitaka, na baadhi yao wakapanda hadi viwandani: jina Solbena, ambalo wazee wa Lubumbashi wanalikumbuka, ni kifupi cha Salomon Benatar, mmoja wa wafanyabiashara hao. Sinagogi la mji lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na kuanzia mwaka 1937 hadi 1991 rabi, yaani kiongozi wa dini wa Kiyahudi, alikuwa Moïse Levy, aliyehudumu chini ya koloni, Katanga iliyojitenga, Jamhuri na Zaire bila kuhama. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 Wayahudi wa Kongo nzima walikadiriwa kuwa 2,500, karibu nusu yao wakiwa Elisabethville, na mtu aliyepita karibu na sinagogi siku ya Jumamosi angeweza kusikia Kihispania cha mwaka 1492 kikisemwa kilomita chache kutoka kwenye bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba.

Si wote waliobaki mjini. Mji wa wachimba migodi ulihitaji kitoweo, na kitoweo kilitoka katika mto Luapula na ziwa Mweru, zaidi ya kilomita 200 kaskazini-mashariki, ambako bandari ya Kasenga ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Wagiriki wenye mashua, barafu na malori. Samaki aliyewatajirisha wengi ni mpumbu, ambaye mwanzoni mwa mvua alikuwa akipanda mto kwa makundi makubwa ili kutaga mayai, akinaswa kwa nyavu akiwa bado amejaa mayai tumboni; wingi wa uvuvi huo ndio uliokuja kummaliza. Ni katika biashara hiyo ya samaki kwamba Nissim Soriano, Msefaradi aliyeondoka Rhodes katika miaka ya 1930 wakati wa utawala wa kifashisti wa Italia, alijenga maisha yake. Magazeti yanapomtaja humwita mara Mgiriki, mara Mwitalia, mara Myahudi, na yote yana chembe ya ukweli, kwa kuwa Rhodes ilitawaliwa na Waosmani hadi mwaka 1912, ikashikwa na Italia, na haikuingia rasmi Ugiriki hadi mwaka 1947. Kwa Kibemba cha Luapula, lugha isiyo na sauti r, hata jina lenyewe haliwezi kutamkwa bila kugeuka Soliano.

Waliobaki kisiwani hawakuiona 1947. Sheria za kibaguzi za Italia za mwaka 1938 zilikuwa zimekwisha kuwavua baadhi yao uraia na kufunga shule yao ya marabi, na tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, katika majahazi ya mizigo hadi Piraeus, na kutoka Athens kwa treni hadi Auschwitz. Walionusurika walikuwa kama 150. Tangu siku hiyo majina ya Juderia yamekuwa majina ya watu walioondoka mapema, na kwa muda mfupi Elisabethville na Salisbury ya Rhodesia zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo Rhodes ya Kisefaradi ilikuwa hai kuliko Rhodes kwenyewe.

Hapa ndipo hesabu ya kawaida ya majina inapokwama. Mwaka 1874 Waingereza Francis Galton na Henry Watson walichapisha hesabu ya kuonyesha kwa nini majina ya ukoo hufa: katika kila kizazi baadhi ya wanaume hawapati watoto wa kiume, na jina linalopita kwa wanaume tu hatimaye hukatika hata kama jamii haipungui. Kanuni yao inachukulia kwamba mwana wa kiume akipatikana, jina limepatikana. Luapula dhana hiyo haisimami. Watu wengi wa bonde hilo huhesabu ukoo, ambao kwa Kibemba huitwa mukowa, kwa upande wa mama. Mtoto wa mwanamke wa mukowa fulani ni wa mukowa huo kwa ukamilifu, awe baba yake jirani, mgeni wa mbali au Mzungu mwenye duka. Tena jina lake si mali ya nyumba. Ishina lya mutoto, yaani jina la kitovu, hupewa mtoto mchanga kutokana na mtangulizi mmoja anayeaminika kurejea kwake, hivyo ndugu watatu wa tumbo moja huwa na majina matatu tofauti, na hakuna mtu wa pembeni awezaye kuwatambua kuwa ndugu kwa kusoma orodha.

La kushangaza ni kwamba sheria ya dini ya upande wa pili inakubaliana na mukowa. Kwa halakha, yaani sheria ya Kiyahudi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, kwa hiyo mtoto wa mfanyabiashara wa Rhodes na mwanamke wa Luapula alikuwa wa mama yake kwa hesabu ya sinagogi na kwa hesabu ya kijiji vilevile. Ni daftari la serikali ya kikoloni pekee lililomhesabu kwa baba, nalo kwa sharti kwamba baba amekwenda kumkiri mbele ya msajili. Wengi hawakwenda. Utawala wa Wabelgiji uliwaona machotara, ambao Lubumbashi huitwa metisi, kuwa tatizo la utulivu wa koloni, na ukawatoa baadhi yao kwa mama zao na kuwapeleka misheni, mara nyingi kwa majina yaliyobadilishwa. Waziri mkuu wa Ubelgiji Charles Michel aliomba radhi kwa jambo hilo bungeni tarehe 4 Aprili 2019. Katika hali hiyo, kubeba au kutobeba jina la baba kulitegemea kalamu kuliko kuzaliwa, na mwanahistoria anayehesabu akina Soriano wa Katanga kwa kusoma madaftari huishia kuhesabu ziara zilizofanywa ofisini.

Kisha kalamu ikabadilisha mikono. Rais Mobutu, katika siasa aliyoiita otantisite, yaani kurudi kwenye uasili, aliipa nchi jina la Zaire mwezi Oktoba 1971, na mwanzoni mwa 1972 Wazaire walitakiwa kuacha majina ya kigeni na kubeba ya mababu, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka utaratibu wa majina ya watu, na kanuni ya familia ya 1987 ikashikilia kwamba majina yatokane na urithi wa kitamaduni wa nchi. Kutoka hapo umetokea mpangilio ambao kila Mkongo anaujaza leo kwenye fomu: jina, kisha postnom, yaani jina la pili la asili, na mwishowe prénom, jina la kwanza la Kizungu au la dini, ambalo lilirudi hadharani miaka ya 1990. Mfano unaojulikana zaidi ni wa wana wa Nissim Soriano. Mkubwa, aliyekuwa Raphaël Soriano, amejulikana katika biashara na siasa kama Raphaël Katebe Katoto. Mdogo wake wa mama mwingine, aliyezaliwa Kashobwe tarehe 28 Desemba 1964 na mama anayetajwa kuwa wa ukoo wa kifalme wa Mwata Kazembe, ni Moïse Katumbi Chapwe, rais wa klabu ya TP Mazembe tangu 1997 na gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Ndugu wawili, baba mmoja, na majina wanayojulikana kwayo hayana Soriano wala jina moja linalowaunganisha. Galton angeandika kwamba ukoo umekatika.

Wale ambao majina yao hayakubadilishwa waliondoka. Vita vya kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, viliwapeleka wengi Brussels, Cape Town na Israeli, na tangazo la Novemba 1973 la kuhamishia biashara za wageni mikononi mwa Wazaire likawatoa karibu wote waliobaki. Wazao wao wanapotafuta mizizi leo mara nyingi huanza na jina. Hispania ilipotunga sheria namba 12 ya mwaka 2015 ya kuwapa uraia wazao wa Wasefaradi, na maombi zaidi ya 130,000 yakapokelewa hadi dirisha lilipofungwa mwaka 2019, orodha za majina yaliyodhaniwa kufungua mlango zilisambaa duniani kote, na serikali ikalazimika kusema kwamba haina orodha ya namna hiyo. Ilikuwa sahihi kusema hivyo, kwa kuwa Soriano wengi wa Murcia ni wazao wa wachungaji Wakristo, Soriano wengi wa Manila ni wazao wa ukurasa wa herufi S, na mwana wa Msefaradi halisi anaweza kuwa anaishi kando ya Luapula kwa jina la bibi yake.

Kongo nayo imejaribu kupima asili kwa wazazi. Mwaka 2021 liliwasilishwa bungeni pendekezo la kutaka rais wa nchi awe mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongo, na wachambuzi wengi walisema wazi kwamba lilimlenga Katumbi. Halikupita, naye akagombea Desemba 2023 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Félix Tshisekedi. Katika mjadala huo jina Soriano lilirudi kutajwa redioni na mitaani baada ya miaka mingi ya kutokuwapo kwenye karatasi, safari hii likitumiwa na wapinzani wake kama lilivyotumika huko Valencia katika karne ya 13, kusema kwamba mtu huyu katoka kwingine. Waliotafuta Uyahudi katika prénom yake hawakupata la kushika. Moïse lilikuwa jina la rabi Levy, ni kweli, lakini lilikuwa pia jina la Moïse Tshombe, Mlunda aliyesomeshwa na wamisionari Wamethodisti, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga katika mji uleule wa rabi Levy.